Daftari la Kutoka na Kurudi

Sindano ilipita shingoni mwa msichana. Mama Uzi akaichomoa upesi, akaipangusa kwa kidole ile picha ndogo ya pasipoti, na kimoyomoyo akamwomba radhi mtu ambaye hakuwahi kuonana naye. Lakini hakuirudisha picha mahali pake. Aliisogeza kwenye mwanga wa dirisha, akaiangalia tena.

Kilichomshtua kilikuwa nyuma ya kichwa cha msichana: pazia jekundu lililochanika juu ya bega la kushoto, likashonwa kwa uzi mweupe. Mishono mitano ya msalaba, na wa nne umelala upande kama mtu aliyechoka kusimama kwenye foleni.

Mtu mwingine angeona pazia tu. Yeye aliona mshono, kwa sababu kushona ndiko kulikompa jina. Alikuwa karani wa masjala, yaani chumba cha majalada, katika Kamati ya Taifa ya Kupambana na Usafirishaji Haramu wa Binadamu. Vibanio vya kufungia karatasi viliisha mwaka wa kwanza tu wa Kamati. Akaandika barua kuomba vingine. Barua ikapanda ghorofani, ikashuka na maneno "kwa hatua zaidi", ikapanda tena, na hadi leo hajui inalala wapi. Basi akaleta sindano ya magunia kutoka nyumbani, na tangu siku hiyo kila mateso yaliyoandikwa kwenye karatasi za serikali yalipita chini ya kidole gumba chake.

Mshono ule alikuwa ameuona mahali pengine, tena juzi tu. Alifungua mkoba, akatoa picha aliyopewa Jumapili na Kitinda, mtoto wa mwisho wa dada yake. "Ya ukumbusho, mama mdogo, usije ukanisahau," alikuwa amemwambia, akicheka. Kitinda alitazama kamera kidevu juu, nywele zake mwenyewe kazisuka kwa ustadi wote wa kazi yake. Nyuma yake pazia jekundu. Juu ya bega la kushoto, misalaba mitano. Wa nne umelala.

Kitinda alikuwa anasafiri Ijumaa saa nane mchana, kwenda kusuka nywele katika hoteli kubwa nchi za mbali. Leo ilikuwa Jumatatu.

Mama Uzi aliinuka, akafunga mlango kwa ufunguo, akaanza kupekua rafu.

Ni vizuri kueleza mapema jinsi rafu zile zilivyopangwa, kwa sababu balaa lote lilitokea humo. Kamati iliundwa ili idara nne za serikali zifanye kazi kama mkono mmoja. Ikaanza kwa kugawana rangi. Majalada ya Polisi yakawa bluu, ya Kazi kijani, ya Uhamiaji njano, ya Ustawi wa Jamii waridi. Mama aliyepotelewa na binti alikwenda Polisi, akaambiwa huo ni mkataba wa ajira, nenda Kazi. Kazi wakamwambia pasipoti si mambo yao. Uhamiaji wakasema binti ametoka kwa hiari na kwa karatasi halali, labda Ustawi wamtulize mama. Kila ofisi ilifungua jalada la rangi yake, na kila jalada liliishia na maneno yaleyale: tunaliwasilisha kwenu kwa hatua zaidi. Kila Alhamisi ya mwisho wa mwezi wajumbe walikutana ghorofani, wakaafikiana kushirikiana, wakanywa chai. Na chini, masjala, kanuni ilikuwa moja tu: rangi hazichanganywi.

Ilipofika saa saba mchana alikuwa amepata picha kumi na moja. Tatu kwenye bluu, nne kwenye waridi, mbili kwenye kijani, mbili kwenye njano. Mawakala waliotajwa walikuwa wanne, kila mmoja na jina lake na muhuri wake. Pazia lilikuwa moja. Mmoja wa wale kumi na mmoja alikuwa amempigia mama yake simu mara moja, dakika mbili, akilia, akisema wamemfungia. Wengine hawakuwahi kupiga hata hiyo mara moja. Mama Uzi aliiweka picha ya Kitinda mwisho wa safu, ya kumi na mbili, kisha akaiondoa haraka. Aliona kama amekikaribisha kifo.

Mlango ukagongwa.

"Mama Uzi! Umejifungia na nani humo? Tufungulie na sisi tumwone shemeji!"

Alikuwa Mcheshi, ofisa uhusiano wa Kazi. Mama Uzi alizifagilia picha zote kwenye droo ya juu kwa mkono mmoja, akafungua kwa mwingine. Hakuzificha kwa kuwa anamshuku. Alificha kwa mazoea. Huyu mama alikuwa mtu wa kuficha hata kiberiti. Sukari yake ya ofisini aliifunga kwa uzi wenye fundo analolijua mwenyewe, na kila jioni alibana unywele kwenye droo ili kesho yake aone kama imefunguliwa. "Kikulacho ki nguoni mwako," alikuwa akiwaambia walinzi, wahudumu na madereva, bila kubagua, mpaka wakamzoea kama wanavyomzoea mbwa anayebwekea upepo.

Ila Mcheshi alikuwa mtu pekee aliyemfanya acheke. Alikuja na zawadi, kama kawaida yake: kibunda kipya cha uzi mweupe imara. "Mama yetu asije akatushonea serikali kwa uzi wa kuoza," alisema, akaegemea kaunta kwa viwiko, akalivuta daftari.

Daftari hilo lilikuwa fahari ya Mama Uzi. Lilikaa wazi juu ya kaunta, limefungwa kwa kamba lisiibwe. Hakuna jalada lililotoka masjala bila kuandikwa humo: namba, yahusu nini, limekwenda kwa nani, siku gani, sahihi. Hakuna lililorudi bila sahihi nyingine. Daftari la kutoka na kurudi, aliliita, na katika miaka sita hakuna karatasi hata moja iliyompotea. Mcheshi alilamba kidole, akafunua ukurasa, akalamba tena.

"Haya, leo wakubwa wanasoma nini? Hii ya Polisi imekaa kule wiki tatu! Wanaisoma au wanaitumia kama mto?"

Mama Uzi akacheka kidogo, akamwondoa kwa upole.

Aliyemshuku alikuwa mwingine. Walimwita Bwana Kimya, mjumbe wa Uhamiaji, mtu mrefu asiyesalimia mara mbili wala kunywa chai ya Kamati. Yeye naye alikuja jioni ile ile. Hakuomba jalada. Alisimama tu mbele ya kaunta, macho yakienda kwenye daftari, yakirudi kwake, yakienda tena. Kisha akatoa kijitabu mfukoni, akaandika kitu, akakirudisha.

"Nikusaidie nini, bwana?"

"Hapana, Mama. Napita tu."

Mtu haji masjala kupita tu; masjala iko mwisho wa ukumbi na haina mlango wa pili. Ilikuwa mara ya tatu mwezi huo. Mama Uzi alimtazama mgongo mpaka akapotea kwenye ngazi, na moyoni akaapa kwamba kama kuna nyoka katika Kamati hii, basi amevaa viatu vile vyenye soli za mpira.

Jumanne aliomba ruhusa ya saa mbili, akaenda saluni. Kitinda alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa.

"Mama mdogo, umekuja kusukwa au kupekua?"

"Nimekuja kukuuliza, mwanangu. Ile picha ulipiga wapi?"

"Studio, nyuma ya ofisi ya wakala. Wote tunaosafiri tunapelekwa pale, tunapangwa mstari kama watoto wa shule. Kwani nimetoka vibaya?"

"Na pasipoti yako iko wapi?"

"Kwa wakala. Tutapewa uwanja wa ndege."

"Kwa nini akae nayo yeye?"

"Ili zisipotee." Kitinda alivuta nywele, na mteja akasema, "Jamani, kichwa changu."

Mama Uzi akasogea karibu, akashusha sauti. Akamwambia kuhusu pazia, misalaba mitano, wasichana kumi na mmoja. Kitinda hakuacha kusuka. Vidole vyake vilikwenda kama vya mtu anayehesabu.

"Nionyeshe basi hizo picha."

"Siwezi kuzitoa nje. Nimekula kiapo, ni siri za serikali."

"Huwezi kunionyesha," alisema Kitinda polepole. "Kama ulivyoshindwa kunionyesha mke wa yule mwalimu."

Mwalimu alikuwa mchumba wa Kitinda, miaka miwili iliyopita. Mama Uzi alimwona na mwanamke sokoni, akamfuata siku tatu, akamvaa mbele ya wanafunzi wake na kumwita mzinzi. Mwanamke alikuwa dada yake wa tumbo moja. Mwalimu hakugombana na mtu. Aliomba uhamisho, akaenda zake.

"Nilikosea," alisema.

"Hukukosea. Ndivyo ulivyo. Kwako kila mtu mwizi mpaka afe, na akifa unataka kuona kaburi. Mimi nina miaka ishirini na sita, mama mdogo. Ukinifunga na uzi wako nitazeekea hapa, nikihesabu viberiti kama wewe."

"Sikio la kufa halisikii dawa!" likamtoka. Neno kufa likabaki hewani. Mteja akaangalia chini. Mama Uzi akatamani kulirudisha, lakini maneno hayana daftari, yakitoka yametoka. Akachukua mkoba wake, akaondoka, na njiani alilia waziwazi bila kujali nani anamwona.

Usiku hakulala, akapima milango yote. Polisi? Wangemwandikia jalada la bluu. Kazi? La kijani. Kuandika dokezo kwa mwenyekiti? Dokezo lingepita mikono mitano kabla ya kufika, na katika mikono mitano hakukosi mmoja mchafu. Kulikuwa na kitu kimoja tu anachokijua duniani, nacho ni kushona.

Jumatano asubuhi alikata nyuzi za majalada kumi na moja. Alitoa picha, fomu, nakala za mikataba, barua za akina mama zilizoandikwa kwa penseli, akazipanga moja juu ya nyingine bila kujali rangi, bluu juu ya waridi, njano juu ya kijani. Mwisho kabisa akaweka picha ya Kitinda. Akatumia uzi wa Mcheshi, kwa kuwa ndio ulikuwa imara. Alipomaliza alihesabu kurasa: sitini na moja.

Kisha akafanya lile lililokuwa kwake sawa na kufunga vifungo vya nguo kabla ya kutoka nyumbani. Karatasi sitini na moja zilikuwa zimetoka mahali pake; asingeweza kukaa bila kuziandika. Alilivuta daftari, akaandika kwa mwandiko wake mzuri wa kulala kidogo: Jalada jipya. Yahusu: wasichana 11, wakala mmoja, studio ya pazia jekundu. Linakwenda: Kikao, Alhamisi.

Baada ya chakula cha mchana Mcheshi akaja kuomba jalada la kijani lililokaa rafu ya juu kabisa. Mama Uzi alipanda ngazi kulitafuta. Alisikia kurasa zikifunuliwa nyuma yake, na mzaha kuhusu magoti yake, na akacheka, akiwa ameshika rafu kwa mkono mmoja.

Alhamisi, ghorofani. Kazi ya Mama Uzi kwenye kikao ilikuwa kugawa majalada na kukaa kwenye kiti karibu na mlango, mdomo umefungwa. Aligawa moja tu, mbele ya mwenyekiti.

Mwenyekiti alikuwa mama mwenye sauti ya taratibu na kalamu tatu. Alilifunua, akalifunga, akaligeuza. "Hili ni la idara gani?"

"Si letu," alisema mjumbe wa Polisi, akichungulia. "Naona njano humo."

"Na bluu pia," alisema mjumbe wa Ustawi. "Sisi hatuwezi kulipokea likiwa na bluu."

"Mama Uzi ametushonea shuka la viraka!" alisema Mcheshi, na meza yote ikacheka.

Mama Uzi akasimama. Hakupanga kusimama. "Naomba radhi, Mama Mwenyekiti. Ni pazia moja kwenye picha zote. Tazameni juu ya bega. Wakala anabadili jina, hajabadili pazia. Wote kumi na mmoja walipita pale, na hapa kwetu wamelala rafu nne tofauti, hawajawahi kukutana."

"Picha yangu ya harusi nayo ina pazia," alisema Mcheshi. "Mnikamate!"

Safari hii hawakucheka wote.

"Karani," alisema mwenyekiti, bila ukali, "umevunja majalada kumi na moja ya serikali. Jalada lisilo na idara haliwezi kujadiliwa, kwa sababu hatuna wa kumwagiza. Unanielewa? Mwenye nalo ni nani?"

"Ni langu," alisema Mama Uzi. "Huyo wa mwisho ni mtoto wangu. Mtoto wa dada yangu. Anaondoka kesho."

Wajumbe wakaanza kufunua karatasi zao, wakitafuta kifungu cha kanuni. Ndipo Bwana Kimya, aliyekuwa hajasema neno tangu sala ya kufungua kikao, akanyoosha mkono mrefu juu ya meza, akalivuta jalada. Alitazama picha ya kwanza, ya pili, ya mwisho.

"Ndege saa ngapi?"

"Saa nane mchana."

Akainuka, akalibana jalada kwapani, akatoka.

Mama Uzi alishuka ngazi mbiombio akakata kona ya masjala, akachomoa daftari kwenye kamba yake, akamkimbilia. "Bwana! Sahihi! Hujaweka sahihi!" Viatu vya mpira havikugeuka. Gari la Uhamiaji likawaka, likaondoka, na Mama Uzi akabaki uani na daftari wazi mikononi. Sitini na moja zimetoka. Nakala hakuna hata moja. Zote ziko kwa mtu ambaye yeye mwenyewe angemfichia sukari kabla ya mwingine yeyote. Alijiona mjinga kuliko wajinga wote aliowahi kuwacheka.

Ijumaa simu ya Kitinda ilikuwa imezimwa tangu asubuhi. Saa nne imezimwa. Saa sita imezimwa. Mama yake Kitinda alipiga kusema wameagana vizuri, mtoto alikula, alicheka, tafadhali asimharibie siku. Mama Uzi alikaa nyuma ya kaunta, mbele yake ule mstari wa Jumatano na nafasi tupu ya sahihi. Saa nane ikafika, ikapita. Hakukuwa na sauti ya ndege. Uwanja uko mbali. Aliweka paji la uso juu ya daftari, akakaa hivyo muda mrefu, na watu wawili walikuja kaunta wakarudi bila kuhudumiwa.

Saa kumi na nusu alisikia soli za mpira.

Bwana Kimya aliweka jalada juu ya kaunta. Lilikuwa limekatwa uzi na kushonwa upya kwa uzi mweusi wa vifungo vya shati, mishono mirefu iliyopinda, ya mtu ambaye hajawahi kushika sindano. Kwenye ukingo wa karatasi palikuwa na tone dogo la damu.

"Sahihi kwanza," alisema Mama Uzi, kwa sababu hakuwa na neno lingine mdomoni. Akamsukumia daftari.

Hakulishika. "Siwezi kuandika humo, Mama. Wala sikuandika jana, kwa makusudi." Aligeuza kijitabu chake, akamwonyesha orodha ya tarehe. "Kila jalada likiandikwa humu kwamba limetoka, baada ya siku mbili wakala anabadili jina. Miezi mitano. Nilikuwa nakuja kuona nani analisoma. Kusema kweli, nilidhani ni wewe."

"Na mimi nilidhani ni wewe."

Wakatazamana.

"Jana tulikwenda moja kwa moja studio," aliendelea. "Tukakuta tupu. Pazia limeng'olewa, misumari imebaki ukutani. Na wasichana wawili waliokuwa waondoke leo walipandishwa ndege jana hiyohiyo, asubuhi, kabla hata kikao hakijaanza. Mtu alijua tangu Jumatano."

Mama Uzi aliusoma mstari wake wa Jumatano. Mwandiko mzuri, wa kulala kidogo. Studio ya pazia jekundu. Kona ya chini ya ukurasa ilikuwa imevimba na kukunjamana, kama karatasi inavyokuwa ikilambwa kidole na kufunuliwa, ikilambwa na kufunuliwa. Miaka sita aliliweka wazi ili asiibiwe. Wasichana wawili. Akashika kaunta.

"Nani aliegemea hapa Jumatano, Mama?"

Aliinamia droo. Unywele ulikuwa mahali pake, haujakatika. Hakuna aliyewahi kugusa droo zake. Akaivuta, akatoa kibunda cha uzi mweupe imara, akakiweka juu ya kaunta mbele ya Bwana Kimya.

"Aliyeniletea huu. Yule wa Kazi."

Bwana Kimya alikitazama, akakifunga kwenye leso, akakitia mfukoni. Hakuandika chochote.

Hapo ndipo Mama Uzi alipoanza kuhesabu kurasa, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya jingine. Alihesabu polepole, akilowesha kidole kwenye sifongo. Hamsini na tisa. Sitini. Sitini na moja, picha ya Kitinda, kidevu juu. Ilipaswa kuishia hapo. Ilikuwepo sitini na mbili.

Ilikuwa karatasi ya maelezo ya shahidi, imeandikwa kwa mkono. Aliutambua mwandiko kabla ya kusoma; ni yeye aliyemshika mkono mtoto yule, akimfundisha herufi mezani kwa dada yake. Macho yake yalikwenda kwanza pale juu kulia. Tarehe ya leo. Saa tisa na robo mchana.

Saa tisa na robo. Ndege ilikwishaondoka.

Alisoma. Jana wakala alinipigia asubuhi na mapema akasema tunaondoka siku hiyohiyo, njoo mara moja. Nikakumbuka maneno ya mama yangu mdogo. Nikamwambia nina kichwa cha mteja sijakimaliza. Hakukuwa na mteja. Lakini leo nilikwenda, kwa sababu nilitaka kwenda.

Hakuweza kuendelea.

"Tulimkuta uwanja wa ndege. Yuko ukumbini," alisema Bwana Kimya. "Hataki kupelekwa kwa mama yake. Wala kwako hajasema anataka. Amesema tu nimshushe hapa." Akasita. "Ule mshono unisamehe. Nilichoma kidole mara mbili."

Mama Uzi akautazama ule mshono mbovu. Siku nyingine yoyote angekwishaukata. Akaliweka jalada chini ya kaunta jinsi lilivyo, bila kulitafutia rafu, kisha akalifunga daftari. Halikuwa limefungwa tangu lilipofunguliwa. Gamba lake la nyuma lilitoa mlio.

Kutoka pale aliposimama aliweza kuona benchi la ukumbini. Kitinda alikuwa amekaa ameupa mlango mgongo, sanduku katikati ya miguu, nywele zake nzuri za safari bado zimesimama. Hakuwa analia. Alikuwa ameinamisha kichwa, kana kwamba anasoma kitu sakafuni.

Upande wa kulia wa kaunta palikuwa na kipande cha ubao kinachoinuka kwa bawaba, na juu yake maandishi ambayo Mama Uzi aliyapaka rangi mwenyewe: ASIYEHUSIKA HARUHUSIWI KUPITA. Katika miaka sita hata mwenyekiti hakupita hapo. Mama Uzi aliweka kiganja chini ya ubao, akauinua. Bawaba zikalia. Mgongo ulioko kwenye benchi ukanyooka kidogo, haukugeuka.

Ubao ulikuwa mzito na haukuwa na kitu cha kuushikilia juu. Akasimama hapo, ameuinua kwa mikono miwili, akimngoja.